Ulimi wa Ng'ombe Kwenye Jokofu la Wazazi

Iringa Mjini
8 Februari 1976

Mwanangu Liberatus,

Kamwene. Huku hatujambo, isipokuwa baba yako Kasian mguu umemrudia, na ukimtajia hospitali anakuwa mkali. Anasema ukoo una mganga mmoja, na huyo ni mtoto wake aliyeko Usangu, kwa hiyo atakungoja. Mwandikie mwenyewe, mimi nimechoka kubishana na kaka yangu. Mvua ni nyingi, pombe ya ulanzi imejaa kila kona, na hoteli yangu imejaa madereva wanaokula sahani mbili na kukumbuka moja.

Sasa nisikilize vizuri. Abrahamu, yule dereva wa lori anayepita kwangu, amepakia jokofu langu la mafuta ya taa. Umeme umeingia hotelini, silihitaji tena. Nimelitoa kwa kituo chako cha wazazi hapo Ilindwe, si kwa kijiji, si kwa kamati, kwa wazazi. Nimelitumia miaka sita kuuzia maziwa baridi, nalijua tabia zake. Lisimame sawasawa, lisiegemee upande. Utambi ukatwe kila Jumamosi. Moto uwe wa buluu. Ukiona wa njano unatoa moshi, ujue baridi hakuna. Mlango ufunguliwe kwa sababu, usifunguliwe kwa kuchungulia.

Unajua kwa nini nimelituma, lakini naandika ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Juliana, mwanangu wa pekee, atajifungua mwezi wa saba. Alipozaa wa kwanza damu ilikataa kukatika. Wewe ulikuwa bado chuoni. Mumewe Masunga alimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu, akapona kwa bahati tu, na bahati siitegemei hata kwenye kupika maharage. Mwaka huu Masunga anasema kituo kipo karibu, mganga ni shemeji yake, hapana haja ya kuja Iringa. Nimekubali kwa sababu yako.

Nimemuuliza sista anayetunza dawa pale hospitali ya misheni. Amesema iko sindano inayokaza kizazi na kuzuia damu, na ninyi mnaletewa. Haitaki joto, haitaki mwanga. Ikae kati ya digrii mbili na nane, ndani ya boksi lake, gizani. Ikibadilika rangi siyo dawa tena. Weka humo sindano hizo na dawa nyingine za baridi, kisha funga na ufunguo uvae shingoni.

Msalimie Tusekile, mkunga wako. Juliana ananiambia ana mikono myepesi.

Shangazi yako,
Paskalina Kalinga


Kituo cha Wazazi Ilindwe, Usangu
2 Machi 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, napenda kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Juliana hajambo, juzi nilimwona kisimani akicheka. Mpunga umestawi. Pole kwa mguu wa baba, mpe salamu.

Shangazi, jokofu limefika! Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Siku Abrahamu alipolishusha, watoto wa shule waliimba. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bujiku, yule mfugaji mkubwa wa Kisukuma, alitoa hotuba na kulitaja jina lako mara tatu. Limekuwa fahari ya Ilindwe nzima. Wiki iliyopita walikuja wageni kumi na wanane kutoka wilayani. Hebu fikiria, katika jua hili la Usangu, kila mmoja alipewa soda ya baridi! Mkubwa wao aliuliza, "Nani anaongoza kituo hiki?" Wakanionyesha mimi. Akaandika jina langu.

Kuhusu dawa usiwe na wasiwasi wowote, zipo mahali salama.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Liberatus


Iringa Mjini
15 Machi 1976

Liberatus,

Kamwene. Baba yako anaendelea vilevile. Hapa mjini kumezuka mafua, nusu ya wasichana wangu wa jikoni wamelala.

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda kunawa mikono.

Wageni kumi na wanane. Kreti moja ya soda ni chupa ishirini na nne. Hakuna anayepoza chupa kumi na nane akaziacha sita juani, kwa hiyo kreti nzima iliingia. Mimi ndiye niliyelijaza jokofu lile miaka sita: kreti moja ikiingia, hapabaki nafasi ya kutia hata limau. Sasa niambie, soda zilipokuwa ndani, sindano zilikuwa wapi? Umeandika "mahali salama." Mahali salama pana jina. Ni kabatini? Ni mezani? Ni mfukoni mwako?

Na mwenye soda alipoingiza mkono, nani mwingine aliingiza wake? Maana nawajua watu. Ukiona soda leo, kesho ni kibuyu cha maziwa, keshokutwa ni nyama ya mtu inayongoja mgeni, damu inadondokea boksi la dawa. Watu wanazalia hapo, Liberatus. Wanavuja hapo. Humo si mahali pa mtu kupozea kinywa chake.

Nampa Abrahamu themometa. Itundike ndani, katikati, siyo mlangoni. Soma asubuhi na jioni, uandike, unitumie kila mwezi. Soda toa zote.

Shangazi yako,
Paskalina


Ilindwe
26 Aprili 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo sana. Poleni na mafua. Sisi tulikuwa na Pasaka nzuri ingawa ya shida. Juma Kuu zima tulisali gizani, mvua ilikata barabara na mafuta ya taa hayakupatikana kijijini hata kibaba. Taa ya kanisani ilikuwa kavu, Tusekile alizalisha mapacha kwa mwanga wa moto wa kuni. Lakini tulifurahi, na padri alifika Jumatatu yake kwa miguu.

Shangazi, naomba unielewe. Hapa mimi si mwenye mali. Kamati ya kijiji ilikaa, ikasema kitu chochote kilicholetwa kijijini ni cha kijiji. Nilisimama nikapinga. Mzee Bujiku akaniuliza mbele ya watu wote, "Wewe mganga, una sindano ngapi?" Nikasema kumi na mbili. Akasema, "Mimi na wenzangu tuna ng'ombe elfu na mia mbili, na chanjo yao inataka baridi. Haya, nani akae nje?" Watu wakacheka mpaka mimi mwenyewe nikacheka. Ningefanyaje?

Soda zimetoka kama ulivyoagiza. Ni chanjo za ng'ombe tu zimebaki, na mara moja moja kitu kidogo cha heshima. Kwa mfano juzi uliwekwa ulimi wa ng'ombe wa kumpa mgeni, siku mbili tu, umefungwa kwenye jani safi. Kuukataa ingekuwa kumtukana aliyeuleta.

Themometa inafanya kazi vizuri. Vipimo vya siku thelathini, kuanzia tarehe 25 Machi hadi 23 Aprili, ni hivi: asubuhi digrii tano, jioni digrii tano, kila siku. Kwa hiyo uwe na amani kabisa.

Mwanao,
Liberatus


Iringa Mjini
9 Mei 1976

Liberatus,

Baridi imeanza, mahindi yamekauka shambani. Baba yako amekubali kutembelea fimbo. Hizo ndizo habari.

Siku thelathini mara mbili ni vipimo sitini. Vyote tano. Jokofu langu la umeme, lililo ndani ya nyumba, lililofungwa na fundi, halisomi sawa asubuhi na jioni hata siku mbili mfululizo. Lako la utambi, linalofunguliwa na wachunga ng'ombe, limesoma sawa mara sitini. Hilo ni la kwanza.

La pili. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba Juma Kuu zima kijijini hapakuwa na mafuta ya taa hata kibaba. Basi jokofu liliwaka kwa nini? Kwa sala? Siku saba halikuwa na moto, na siku hizo saba umeniandikia tano, tano, tano. Vipimo kumi na vinne vya uongo mtupu. Vilivyobaki arobaini na sita sina haja ya kuvihesabu, unga ulioingia panya humwagwa gunia zima.

Ungeniandikia ishirini na tano, ningekasirika, ningetafuta debe la mafuta. Ungeniandikia sikupima, ningekutukana, ingekwisha. Lakini ulikaa kitako, ukachukua kalamu, ukaandika tano mara sitini ukimwangalia Juliana akipita na tumbo lake.

Na ulimi wa ng'ombe! Siku mbili, kwenye jani safi! Mwanangu, nimeuza nyama maisha yangu yote, najua ulimi unavyotoa ute siku ya pili. Nimetema mate nje mara tatu.

Nina swali moja. Lijibu hilo, salamu sitaki. Sindano kumi na mbili ziko wapi, na zina rangi gani?

Paskalina


Iringa Mjini
13 Juni 1976

Liberatus,

Mwezi umepita, hujajibu.

Jana Abrahamu aliegesha lori, akaingia hotelini bila kuvua kofia. Akaniambia, "Mama, kule kwa mkwe wako Masunga wamezika mzazi."

Sikumbuki nilishika nini, ila kilikuwa cha moto, nina malengelenge. Nikamwambia, "Sema jina."

Akasema, "Siyo Juliana, mama. Kaa. Siyo Juliana. Ni jirani yao, Regina, mke wa Limbu."

Nimekaa nikamshukuru Mungu kwamba ni mtoto wa mwenzangu, na nikaona aibu kushukuru hivyo. Huko ndiko ulikonifikisha.

Abrahamu anasema damu. Wewe unasemaje?

Paskalina


Ilindwe
25 Juni 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na biashara inaendelea. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli nyingi, na nilihudhuria semina ambapo nilichaguliwa kuwa katibu wa kikundi. Huku hali ya hewa ni nzuri. Mavuno ya mpunga ni mazuri. Juliana anaendelea vyema, miguu imevimba kidogo.

Shangazi, nina jambo zito la furaha. Nimempata mchumba. Anaitwa Kalista, binti wa Mzee Tadeo wa Kalenga, familia ya kanisani, watu wa heshima. Baba kwa mguu wake hawezi kwenda, na unamjua, si msemaji. Nakuomba wewe, kwa kuwa shangazi ndiye mdomo wa mtoto wa kaka yake, uende Kalenga kabla ya mwezi wa nane ukanisemee. Mzee Tadeo anakufahamu, anasema neno lako mjini Iringa halirudishwi. Ukisema mimi ni mtu wa kutegemewa, yamekwisha.

Mambo ya kazi ni ya kawaida. Kulikuwa na msiba mmoja, mapenzi ya Mungu, tunamwombea marehemu. Sindano zipo, zimebaki sita, zinamtosha Juliana na ziada. Uliuliza rangi. Ni kama chai ya rangi, nyepesi. Lakini nimesoma maandishi ya boksi, mwisho wake ni mwaka 1978, kwa hiyo ni nzima.

Naomba usinisahau kwa Kalenga.

Mwanao,
Liberatus


Iringa Mjini
1 Agosti 1976

Liberatus,

Nilikuja Ilindwe, kama ulivyosikia, na hukuwepo. Waliniambia uko Mbalizi mnadani, unatafuta mbuzi wa mahari. Kwa hiyo nitakuandikia yaliyopita kituoni kwako, kwa sababu naona umezoea kuwa hapo bila kuyaona.

Nilipopata barua yako ya chai ya rangi nilikwenda nayo mkononi kwa yule sista. Alisoma mstari huo tu, akavua miwani. Akasema, "Mama Paskalina, tarehe ni ya dawa iliyotunzwa. Hii imepikwa." Akanipa sindano nne na barua ya kumpa Tusekile. Tukazitia kwenye chupa ya chai yenye barafu, zimeviringishwa kitambaa kinene zisigandie barafu. Niliipakata chupa hiyo kwenye lori la Abrahamu kutoka Iringa mpaka njia panda yenu, sikuiweka chini hata tulipokula.

Nia yangu ilikuwa kumchukua Juliana nirudi naye. Nilimkuta uchungu umekwishamshika tangu alfajiri, yuko kitandani kituoni, Masunga amekaa nje kwenye kinu.

Nikaingia. Nikaona dirisha. Boksi la sindano liko kwenye kizingiti, kifuniko wazi, jua la mchana limeliangukia, kando yake kipande cha sabuni na kopo la dawa ya kupaka kwato. Hapo ndipo "mahali salama." Nikainua moja. Chai ya rangi umesema. Ile ilikuwa kahawa.

Tusekile akaniambia, "Mama, nilisema. Kila yakija mambo ya kuwekwa humo nilisema. Nikaambiwa mimi mtu wa kuja, nizalishe, niache mali ya kijiji." Nikamuuliza habari za Regina. Akafuta mikono, akasema, "Nilimchoma ya kwanza. Nikamchoma ya pili. Kama nimechoma maji. Mganga alikuwa amesimama pale mlangoni, akaniambia niongeze ya tatu." Kumbe ulikuwepo. Hukuniandikia hilo. Kumi na mbili, ukatoa tatu, ni tisa, wewe umeniandikia sita. Nikamuuliza, hizo nyingine tatu? Akaniambia wako wengine watatu kabla ya Regina, walivuja, wakapona wenyewe, wamebaki weupe kama karatasi.

Nikafungua jokofu. Chanjo za ng'ombe juu. Chini mguu wa mbuzi, na sufuria ya kitu ambacho sikuuliza. Harufu ilinigonga usoni. Themometa yangu ilikuwa imelala chini ya mguu wa mbuzi, kioo kimegandwa na damu. Digrii kumi na nane. Nilivitoa vyote nikavipanga uani, kwenye vumbi, mbele ya kila mtu. Nikakata utambi kwa mkasi wa kitovu, nikauosha mkasi, nikamrudishia Tusekile akauchemsha.

Bujiku akaja na fimbo yake. "Mama, hilo jokofu ni mali ya kijiji."

Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo niliwapa wazazi. Ng'ombe wako akiletwa humu kuzaa, nitamfungulia mwenyewe."

"Na chanjo yangu?"

"Chanjo yako mwambie bwana mifugo akuletee jokofu la ng'ombe. Mke wa Limbu alikuwa na mkubwa gani wa kumletea?"

Limbu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, amefika kimya. Mzee akazoa chupa zake kwenye kanzu, akaenda. Simlaumu kama ninavyokulaumu wewe. Yeye anajua ng'ombe, akauliza swali la ng'ombe. Wewe ulifundishwa jibu, ukacheka na watu.

Juliana alijifungua saa kumi jioni. Mtoto wa kike. Damu ikaja kama mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshika kichwa chake, aliniambia, "Mama, miguu yangu siisikii." Tusekile akavunja shingo ya sindano moja ya kwenye chupa ya chai. Ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa. Akamchoma. Akaweka kiganja juu ya tumbo, akakanda, akangoja. Sijui tulingoja muda gani, na mimi huwa najua muda. Kisha akasema, "Linakaza. Mama, shika hapa, linakaza." Nikashika. Lilikuwa gumu kama ngumi ya mtoto.

Sindano moja tu.

Zile sita za dirishani nimezichukua. Nimezipeleka kwa mkubwa wa afya wa wilaya yenu pamoja na barua yako ya vipimo sitini. Jina lako sikulificha. Atakuita. Ukifika mbele yake, usimwandikie tano.

Ufunguo wa jokofu anao Tusekile, na boksi jipya ameletewa. Mafuta ya taa Abrahamu atamshushia yeye kila mwezi. Wewe hushiki utambi, hushiki mlango.

Sasa Kalenga. Nilikwenda, kwa sababu uliniomba na wewe ni mtoto wa kaka yangu. Nilivaa vizuri, nikapeleka jembe la kubishia hodi kama desturi inavyotaka. Mzee Tadeo alinipokea vyema, mkewe akaleta togwa, Kalista mwenyewe akapita na maji ya kunawa. Msichana mzuri, ana nyonga nyembamba. Tukazungumza mvua, tukazungumza mahindi. Kisha Mzee Tadeo akakaa sawa, akaniuliza lile linaloulizwa na kila baba:

"Mama Juliana, tukimpa mtoto wetu, kijana wenu anajua kutunza?"

Nilifungua kinywa nikusemee. Walikuwa wanangoja wote, na Kalista nyuma ya mlango. Nikatazama kibuyu cha togwa. Nikatazama mikono yangu. Sikusema kitu.

Mzee akangoja kwa adabu. Halafu akainuka, akaenda akachukua lile jembe lililoegemea ukuta, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Asante," akasema. "Umetutendea haki."

Jembe liko hapa hotelini, nyuma ya mlango. Ukilitaka, njoo ulichukue mwenyewe.

Mama Juliana